Kuchagua mbwa wa kulinda nyumba Nairobi, hatua kwa hatua

Nyumba ikivunjwa mtaani, wiki hiyo hiyo maswali huanza. Mbwa gani ndiye mkali kabisa? Ninunue mtoto au mkubwa? Nikimfungia mchana na kumfungulia usiku, si atakuwa mkali zaidi? Mwongozo huu ni wako wewe unayetafuta mbwa wa kwanza wa ulinzi, uwe unaishi Umoja, Kasarani, Utawala au Lang'ata, au umejenga nje kidogo huko Rongai na Kitengela.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Kazi kubwa ya mbwa wa nyumbani ni kubweka mapema, na kubweka kwa sababu. Mwizi anataka kimya na muda wa kutosha kukata kufuli. Mbwa anayebweka wakati mtu bado yuko nje ya ukuta amemnyima vyote viwili, na hajamng'ata yeyote. Mbwa asiyeweza kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyeingia kuokota mpira ni hatari kwako kuliko kwa mwizi. Kwa hiyo hapa tunatafuta masikio, akili na utulivu. Meno yanakuja nyuma ya hayo.

Tena, mbwa hazibi pengo la mlango. Kama taa ya nyuma imeungua, kufuli ni la bei rahisi na nje ya ukuta kuna rundo la mawe ya kupandia, anza na hayo. Ukimaliza, endelea kusoma.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaenda kumwona mbwa yeyote

- Ua uliofungwa pande zote: ukuta wa mawe, mabati, au kayaba iliyosongamana, wa futi 6 kwenda juu. Nafasi iliyo chini ya geti isizidi sentimita 8. Mtoto wa mbwa hupita popote kichwa chake kinapopita.
- Ruhusa. Kama umepanga, ipate kwa maandishi kutoka kwa mwenye nyumba. Neno la mdomo la msimamizi wa ploti halikusaidii siku majirani watakapolalamika.
- Kibanda cha mbao. Kwa mbwa mkubwa: urefu mita 1.2, upana sentimita 90, kimo mita 1, sakafu iinuliwe sentimita 15 kutoka chini. Ukiezeka mabati, weka ubao chini yake. Bila ubao, Februari panawaka na Julai panaganda. Mlango utazame upande ambao mvua haipigi, lakini mbwa akiwa amelala aone geti.
- Bakuli mbili nzito za chuma, mshipi wa shingoni, na kamba ya kumwongozea ya mita 1.5 hadi 2.
- Daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na namba yake iwe kwenye simu yako kabla mbwa hajafika. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Kabete, pia ni mahali pa kwenda.
- Hesabu ya chakula. Mbwa wa kilo 30 hula gramu 350 hadi 450 za chakula kikavu kwa siku, yaani kati ya kilo 10 na nusu na 13 na nusu kwa mwezi. Ongeza chanjo, dawa ya minyoo na dawa ya kupe. Kama hesabu hiyo inakubana, chagua mbwa mdogo. Mbwa mkubwa anayelala njaa huchukua nyama kwa yeyote anayemrushia.
- Mtu wa kumshughulikia, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kila siku. Mtaje kwa jina. "Tutasaidiana" maana yake ni hakuna.

Hatua ya 1: Amua kazi yake

Kuna mbwa wa kengele na mbwa wa kuzuia. Wa kengele hubweka tu. Ukubwa wake si hoja, na anaweza kulala sebuleni. Wa kuzuia ana umbo la kumfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kuruka ukuta. Nyumba nyingi za Nairobi zinahitaji wa kwanza na zinanunua wa pili.

Kuna aina ya tatu, mbwa aliyefunzwa kushambulia kwa amri. Huyo mwachie aliyesomea kumwongoza. Akimng'ata mtu, hata mtu aliyekuja kusoma mita, wa kujibu ni wewe.

Hatua ya 2: Pima ua wako na watu wako

Kiwanja cha futi 50 kwa 100 chenye nyumba katikati kinamtosha mbwa mmoja mkubwa au wawili wa wastani. Uwanja mdogo wa mezonet ya Buruburu au South B, ambapo karibu wote ni saruji, unafaa mbwa wa kilo 10 hadi 20. Kwenye fleti, mbwa wa kengele peke yake, na alale ndani.

Kisha orodhesha watu wanaopita getini kwa wiki: dada wa nyumbani, watoto na marafiki zao, soja wa usiku, wa takataka, wa maji, bodaboda wa kuleta vitu. Geti lenye watu wengi linahitaji mbwa mtulivu. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano haifai mbwa mkubwa mzima ambaye hajawahi kuishi na watoto, hata muuzaji akiapa.

Hatua ya 3: Chagua aina

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

*Wa kienyeji na chotara.* Kwa mtu anayeanza, hili ndilo chaguo letu la kwanza, na tunalisema bila kusitasita. Ana kilo 15 hadi 25, manyoya mafupi, masikio makali, hahitaji chakula kingi, na anavumilia hali ya hapa kuliko wengi walioletwa. Kupe humsumbua, lakini mara nyingi hupona pale German Shepherd anapolazwa. Kwa gharama ya Rottweiler mmoja unaweza kufuga wawili hawa, na wawili ni vigumu kuwahadaa kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba humjui baba yake, hivyo ukubwa wa mwisho ni wa kukisia. Tazama nyayo na mifupa ya miguu: mtoto mwenye nyayo kubwa kupita mwili wake atakua mkubwa.

*German Shepherd.* Anajifunza haraka, anashikamana na familia, na umbo lake linajulikana na kila mwizi. Ana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni nyonga: epuka mwenye mgongo ulioinama sana kuelekea nyuma, anayeyumbisha makalio akitembea. La pili ni homa ya kupe, ehrlichia, ambayo humwumiza huyu kuliko aina nyingi. Kama huwezi kumpaka au kumpa dawa ya kupe kwa ratiba, usimchukue.

*Rottweiler.* Mtulivu, habweki ovyo, na akisimama getini inatosha. Ana nguvu nyingi, kwa hiyo anataka mtu mzima mwenye msimamo anayemfunza tangu mdogo. Watoto wake, kama wa Doberman, hushikwa vibaya na parvo, ugonjwa wa virusi unaoleta kutapika na kuhara damu. Usikubali hata siku moja mtoto wa Rottweiler ambaye hajaanza chanjo.

*Boerboel.* Mbwa wa Afrika Kusini, dume hufika kilo 60 na zaidi. Si wa kuanzia.

*Malinois.* Utamwona na vikosi vya ulinzi na utamtamani. Bila kazi ya kila siku atakula mlango, kisha kiti. Si wa kuanzia pia.

*Doberman.* Mwepesi na makini, lakini manyoya ni membamba. Baridi ya Julai humtesa. Mchukue kama yuko radhi kulala ndani, na wewe uko radhi pia.

*Japanese Spitz.* Yule mweupe mwenye manyoya mengi. Watu humcheka kwa udogo wake, kilo 5 hadi 10 tu, lakini kama kengele ni hodari: husikia mguu kwenye ngazi kabla hujasikia wewe. Anafaa fleti. Manyoya yanataka kuchanwa mara mbili au tatu kwa wiki, la sivyo yanafungamana na kuficha kupe.

Mpangilio unaofanya kazi vizuri sana kwenye nyumba yenye ua ni huu: mdogo ndani, mkubwa nje. Mdogo husikia kwanza na kuwaamsha watu, mkubwa hushika zamu uani. Sumu iliyorushwa juu ya ukuta haimfikii aliye ndani, hivyo kengele inabaki.

Hatua ya 4: Umri na jinsia

Mtoto wa mbwa halindi. Mchukue akiwa na wiki 8 au zaidi, kamwe si chini ya hapo. Ataanza kuwabwekea wageni kwa dhati akiwa na miezi 6 hadi 8, na kukomaa kwa ulinzi ni miezi 18 hadi 24. Kama wezi wanapita mtaani kwako mwezi huu, mtoto si jibu. Tafuta mbwa wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu ambaye tabia yake inaonekana, na muuzaji akubali wiki mbili za majaribio.

Dume asiyehasiwa huzurura, na akinusa jike aliye kwenye joto nje ya geti husahau geti lenyewe. Jike naye hupata joto kila baada ya miezi sita hivi, kwa wiki tatu, na madume ya mtaa mzima hukesha ukutani kwako. Suluhu ya wote wawili ni moja: dume ahasiwe, jike afungwe uzazi. Kwa mbwa mdogo ni karibu miezi 6; kwa mkubwa daktari anaweza kusubiri hadi mwaka au zaidi ili mifupa ikomae. Hofu kwamba ataacha kulinda haina msingi, kwa sababu kulinda ua hakutoki kwenye korodani.

Hatua ya 5: Mahali pa kumpata

KSPCA, shirika la kutetea wanyama lililoko Karen, hutoa mbwa waliochanjwa na kuhasiwa, wengi wakiwa chotara wazima. Waeleze wazi unataka mbwa wa kubweka na ua wako ukoje. Waliomlisha kila siku wanajua nani hubweka na nani hulala. Kwa mbwa wa aina kamili mwenye ukoo ulioandikwa, anza na East Africa Kennel Club iliyoko Jamhuri Park; hao ndio huandikisha vizazi. Njia ya tatu ni jirani ambaye jike wake unamjua na umemsikia akibweka usiku. Hiyo ya tatu watu huidharau, na ni nzuri sana.

Usinunue kwenye foleni ya magari. Mtoto anayeshikiliwa dirishani kwako ana usingizi wa ugonjwa unaoonekana kama upole, mara nyingi ana wiki tano, na muuzaji hutamwona tena. Usitume pesa ya kumwekea mbwa uliyemwona kwenye picha tu. Nenda, mwone, mwone mama yake, ndipo uguse M-Pesa.

Mama ni muhimu kuliko karatasi. Mama anayejificha nyuma ya kibanda au anayekurukia bila kutulia hata mwenyewe akimwambia "basi" atakuwa amewarithisha watoto tabia hiyo, kwa damu na kwa kuwaonyesha. Ukiambiwa mama "amesafiri", ondoka.

Hatua ya 6: Kagua mwili

Nenda mchana. Anza mdomoni. Meno ya utoto hutoka kuanzia wiki ya 3 au 4, na kufika wiki ya 8 yote 28 yako karibu kukamilika: madogo, meupe, makali kama sindano. Ya mbele huanza kubadilika karibu mwezi wa 4, na mbwa wa miezi 7 huwa na meno 42 ya ukubwani. Muuzaji akikuambia huyu ana miezi mitano na meno yote ni ya sindano, anakudanganya. Akikuambia ana wiki nane na meno ya pembeni hayajatoka, vilevile.

Ukiwa hapo hapo, bonyeza fizi kwa kidole. Itakuwa nyeupe, kisha irudi waridi ndani ya sekunde 2. Fizi iliyopauka tangu mwanzo ni dalili ya kupungukiwa damu: kupe, viroboto au minyoo.

Kisha:

- Masikio, ndani, na katikati ya vidole vya miguu: hapo ndipo kupe hujificha. Kupe mmoja si mwisho wa dunia. Kumi ni ratiba ya kulipa daktari.
- Tumbo. Likiwa duara na limekaza huku mbavu zinaonekana, ni minyoo. Kinundu laini kitovuni ni ngiri. Mwonyeshe daktari kabla ya kulipa.
- Macho na pua: bila usaha.
- Chini ya mkia: pakavu na safi.
- Dume: korodani zote mbili zipatikane.
- Mwache atembee mita kumi kwenye sakafu ya saruji, aende na kurudi. Mguu usioshuka vizuri utauona hapo, si kwenye nyasi.

Omba kadi ya chanjo na uisome. Kila chanjo iwe na kibandiko kilichotolewa kwenye chupa ya dawa chenye namba ya toleo, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu moja, siku moja, kwa mwandiko mmoja, bila kibandiko, ihesabu kwamba haipo. Anza chanjo upya.

Hatua ya 7: Pima tabia

Kwa mtoto wa mbwa, fanya majaribio haya ukiwa umemtenga na ndugu zake. Usiyafanye akiwa ametoka kula au kulala.

1. Chuchumaa mita 2 mbali naye, nyamaza. Mzuri hukutazama, kisha huja mwenyewe, hata polepole.
2. Dondosha kifuniko cha sufuria sakafuni nyuma yake, mita 2. Wote hushtuka, hilo ni sawa. Angalia sekunde kumi zinazofuata. Mmoja atakimbilia kona na kubaki huko akitetemeka. Mwingine atatulia, atageuza masikio, atanyoosha shingo na kusogea kunusa kifuniko huku miguu ya nyuma ikiwa tayari kukimbia. Huyo wa pili ndiye uliyemfuata. Mbwa mwoga hubwekea upepo usiku kucha na hung'ata kwa hofu mchana.
3. Mlaze chali kwenye mapaja kwa sekunde 30, mkono kifuani. Apapatike kidogo, kisha akubali. Anayepigana hadi mwisho na kung'ata atahitaji mfugaji mzoefu. Anayelegea kabisa tangu mwanzo hatasimama mbele ya mtu.
4. Buruta kitambaa mbele yake. Akikifuata na kukishika, ana moyo wa kufanya kazi.

Usichague anayewakanyaga wenzake wote kwenye bakuli, wala yule wa kona. Chagua wa katikati aliyefaulu jaribio la kifuniko.

Kwa mbwa mzima, rudi usiku. Simama nje ya geti kimya, kama mita 5, na usikilize. Abweke ndani ya dakika moja, akielekea ulipo. Kisha mwenyewe atoke na kumwambia aache: mbwa anayefaa hunyamaza, hata kama bado ananguruma kifuani. Ingia ukiwa na mwenyewe. Akunuse na akuache. Inua mkono ghafla kana kwamba unakuna kichwa. Akijikunyata chini, amezoea kupigwa, na kumrekebisha ni kazi ya miezi.

Hatua ya 8: Daktari na karatasi

Mpeleke kwa daktari ndani ya siku mbili. Chanjo ya parvo, distempa (ugonjwa mwingine wa virusi) na wenzake huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka, na hiyo si hiari: Rabies Act, Cap 365, ipo, na ugonjwa wenyewe dalili zikianza hauna tiba. Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili hadi wiki 8, kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3. Ulizia leseni ya mbwa kwenye ofisi ya kaunti iliyo karibu nawe na uiweke pamoja na kadi.

Onyo: kama mtoto wa mbwa alikufa kwa parvo kwenye ua huo, virusi hukaa udongoni hadi mwaka au zaidi. Osha saruji kwa jiki, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, na wakati huu chukua mbwa mzima aliyechanjwa badala ya mtoto.

Hatua ya 9: Mwezi wa kwanza

Chakula: mara 4 kwa siku hadi wiki 12, mara 3 hadi miezi 6, kisha mara 2 maisha yote. Usimpe mbwa mkubwa mlo mmoja mzito kisha akakimbia. Tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, na huko ni kufa kwa saa chache. Ugali na omena ni sawa kama omena ni ya kutosha, si ya harufu tu. Matumbo na mapafu ya buchani chemsha hadi yaive kabisa, kwa sababu yakiwa mabichi hubeba vimelea vya uvimbe wa hidatidi vinavyorudi kwa watu. Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu na chokoleti, hapana. Maji lita 1.5 hadi 2 kwa mbwa wa kilo 30, safi kila siku.

Mpaka wa kazi: mtembeze kwa kamba kandokando ya ukuta, asubuhi na jioni, njia ile ile. Baada ya wiki mbili atakuwa anajua harufu ya ua wake na atatambua iliyo ngeni.

Watu: kila anayeruhusiwa kuingia amtembeze angalau mara chache mbele yako. Soja wa usiku kwanza, maana ndiye anayefanya naye kazi.

Kubweka: akibweka getini, toka uangalie, hata kama ni paka. Mwambie "vizuri", kisha "basi", na akinyamaza mpe kipande cha chakula. Ukimfokea kila anapobweka, unamfundisha kunyamaza, na atanyamaza usiku ule.

Sumu: hii ndiyo njia ya kawaida ya kumwondoa mbwa, nyama iliyotiwa dawa ya wadudu ikirushwa juu ya ukuta. Alishwe kwenye bakuli lake tu, na watu wawili tu. Mfundishe "acha" kwanza kwa chakula kilichofungwa kwenye ngumi, kisha kilicho sakafuni chini ya kiatu chako, kisha kilicho wazi. Mwisho, mtu asiyemjua arushe nyama safi kutoka nje ukiwa umemshika kwa kamba ndefu. Asiiguse, nawe umpe kitu kizuri zaidi kutoka mkononi. Rudia kila wiki kwa miezi miwili, kisha mara moja kwa mwezi. Hata hivyo, hakuna mafunzo ya asilimia mia. Ukague ua kila asubuhi.

Na sasa makosa matatu ambayo hayakubaliki. Kumfungia kwenye kibanda cha giza mchana kutwa ili awe mkali humfanya awe na wazimu wa woga: usiku hukimbia ovyo, hajui mtu wala mpaka. Kumfunga kwa mnyororo kunamwambia mwizi urefu wa mnyororo. Kumlisha pilipili humwumiza tumbo, basi. Juu ya hayo, ukatili kwa wanyama ni kosa chini ya sheria ya kuzuia ukatili huo, Cap 360.

Shida zinazojitokeza

*Habweki kabisa.* Kabla ya miezi 8, subiri. Baada ya hapo, angalia kama kila mgeni humpapasa na kumpa biskuti, wakataze. Mlete mtu asiyemjua agonge geti jioni na kukimbia mbwa akitoa sauti yoyote. Mbwa akiona sauti yake imefukuza mtu, ataitumia tena.

*Anabweka usiku kucha.* Tafuta sababu: njaa, baridi, mbwa wa jirani anayeonekana kupitia geti la vyuma, au kutochoka mchana. Ziba geti kwa bati, mtembeze dakika 30 jioni, mpe mlo wa pili saa mbili usiku. Wengi hutulia ndani ya wiki.

*Anachimba chini ya geti.* Zika matofali au wavu wa chuma sentimita 30 chini. Kama ni dume, ahasiwe.

*Anawangurumia watoto.* Watenganishe siku hiyo hiyo. Usimpige kwa kunguruma. Ukiua onyo, kitakachobaki ni meno. Mwite daktari aangalie maumivu ya sikio, jino au nyonga, na kama hana ugonjwa, tafuta mkufunzi au umrudishe.

*Amemng'ata mtu.* Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na kadi ya chanjo. Usimuue mbwa, anatakiwa afungiwe na kuangaliwa siku 10.

*Hali chakula, ana homa, fizi zimepauka, au mkojo una rangi ya kahawa.* Homa ya kupe. Daktari leo, si kesho.

*Anatapika na kuhara damu yenye harufu kali, hasa mtoto.* Parvo. Mtenge na wengine, umkimbize kliniki.

*Anatokwa na mate mengi, anatetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo, amelegea.* Sumu. Usimpe maziwa, usimlazimishe kutapika, usimmiminie mafuta. Weka mabaki ya alichokula kwenye mfuko wa plastiki, mpigie daktari ukiwa njiani ili aandae atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, na mwambie mtu abaki akichunga nyumba, kwa sababu aliyerusha nyama hiyo anaweza kurudi usiku huo huo.